Kompyuta ya Linux Isipotambua Kadi ya Sauti

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fungua dirisha la amri uandike aplay -l, kwani amri hiyo huorodhesha kadi za sauti ambazo mfumo umezitambua. Kadi ikitajwa, huenda sauti imezimwa tu: fungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti ndani ya dirisha hilo la amri, na ukiona herufi MM chini ya mkondo husika, bonyeza M.

Isipotajwa, endesha lspci -k, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya kompyuta pamoja na draiva zake (programu zinazoviendesha), utazame kama chini ya kifaa cha sauti kuna mstari wa "Kernel driver in use". Mstari huo usipokuwapo, draiva haijashika kifaa. Kwa kadi nyingi za Intel jaribu kupakia draiva kwa sudo modprobe snd_hda_intel, kisha usome sudo dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kiini cha mfumo, ambayo wengi huiruka ilhali ndiyo hueleza kisa, hasa faili la programu dhibiti (firmware) ya kadi linapokosekana. Kadi ya USB itafute kwa lsusb.