Somo: kutunza mayai ya kware kabla hujayaingiza kwenye mashine ya kutotolea vifaranga

Habari zenu wadau, naona wengi mnalaumu mashine wakati mayai yalishaharibika kabla hata hayajaingia. Mimi nilishakusanya wiki mbili nzima ili tu trei zijae, siku ya 18 tangu niyaingize kwenye mashine nikawa napasua moja moja, mengi maji tupu, mengine kifaranga kamekamilika na manyoya yake kamefia humo humo, iliniuma sana.

Yai la kware ni gramu 10 hadi 12 tu na ganda jembamba, linapoteza maji haraka kuliko la kuku. Usipitishe siku 7 tangu litagwe kabla hujaliingiza.

1. Kware wengi wanataga mchana kwenda jioni, so okota jioni ile ile yasilale bandani. Andika tarehe kwa penseli. Usioshe, lenye kinyesi weka pembeni.

2. Panga kwenye trei ncha iangalie chini, upande butu wenye hewa uwe juu.

3. Hapa ndo penye kazi. Yanataka nyuzi 15 mpaka 18 na unyevu kama 75%, joto likipita 20 au 21 mbegu ya kifaranga ndani ya yai inaanza kukua kidogo kidogo halafu inachoka inakufa, na sisi wa Dar chumba hakishuki huko bila AC kwahiyo mimi mwisho wangu siku 4, bora niingize machache mabichi.

4. Siku ya kuingiza yaache kwanza chumbani masaa kadhaa, ukiyapeleka na ubaridi wake yanatoa jasho na vijidudu vinapenya kwenye ganda.

MASWALI

– Dada mi naweka kwenye mlango wa friji, kuna shida?
Ipo ndugu yangu, friji ya nyumbani ni nyuzi 4 hivi, baridi imezidi na inakausha, halafu mlango kila saa unayatikisa.

– Natumiwa kwa basi kutoka Mbeya, niyaingize yakifika tu?
Hapana, yapumzishe masaa 24 ncha chini. Na siku hesabu tangu yalipotagwa, sio ulipoyapokea.

– Kuyageuza je?
Chini ya wiki hamna haja.

– Nina 40 ya siku 10, nitupe?
Usitupe mkuu, yape trei yake, ila usitegemee mengi. Yaliyokaa sana yanachelewa kutotoa, so usizime mashine mapema ukaja kuua vifaranga walioanza kudonoa ganda.