Kupinga vita vya upande mmoja kwenye Baraza la kuigiza: namna ya kuandaa rasimu inayosimama

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa Dar es Salaam, wa Mlimani, Kurasini au sekondari yoyote yenye klabu ya mdahalo, watakaoigiza Baraza la Usalama la Januari hadi Machi 2003 kuhusu Iraq na kupangiwa kiti cha nchi inayopinga vita. Kiti hicho ni kigumu kuliko cha upande wa pili. Anayetaka vita ana hoja fupi: Saddam anadanganya, muda umekwisha. Wewe ukibaki kusema "tunataka amani", utaulizwa swali moja tu, "Kwa hiyo mnapendekeza nini?", na hapo ndipo wengi hukwama. Jibu liwe ni mpango wa ukaguzi wa silaha wenye tarehe, mamlaka, na utaratibu wa kurudisha taarifa kwenye Baraza. Mengine yote ni ya kuulinda mpango huo.

Karatasi kwanza

Nyaraka zinapatikana bure kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa kwa alama zake. Chukua azimio S/RES/1441, la ukaguzi wa silaha za Iraq, na kumbukumbu za vikao vinne: S/PV.4644 (8 Novemba 2002, siku azimio hilo lilipopita kwa kura 15 kwa 0), S/PV.4701 (5 Februari 2003, hotuba ya Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani), S/PV.4707 (14 Februari) na S/PV.4714 (7 Machi). Ongeza S/2003/214, waraka wa Ufaransa, Ujerumani na Urusi wa 24 Februari. Huo wa mwisho watu huuruka, na ndio wenye mpango kamili.

Rasimu yako itoe kopi 20: wajumbe 15, mwenyekiti, katibu, na tatu za akiba. Zitoe siku moja kabla. Umeme ukikatika kwenye duka la kopi asubuhi ya kikao, utakuwa unasoma rasimu kwenye simu huku wenzako hawajui unazungumzia aya ipi.

Sheria: milango miwili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Ibara ya 2(4), unakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Milango iliyoachwa ni miwili: kujihami dhidi ya shambulio la silaha (Ibara ya 51), au uamuzi wa Baraza chini ya Sura ya VII (Ibara za 39 hadi 42). Ukishaweka hilo mezani, tegemea mpinzani makini aje na mlango wa tatu: kwamba ruhusa ya azimio 678 la 1990, la kuikomboa Kuwait, ilisimamishwa tu na azimio 687 la 1991, lililoweka masharti ya kusitisha vita, na kwamba Iraq ikivunja masharti ruhusa inafufuka yenyewe.

Hapo usipige kelele. Fungua 1441. Aya ya 4 inasema taarifa za uongo pamoja na kukataa kushirikiana ni ukiukaji zaidi, nao utaripotiwa kwa Baraza. Aya ya 12 inasema Baraza litakutana mara moja kuitafakari hali. Aya ya 13 inakumbusha onyo la "athari nzito". Hakuna mahali panaposema "njia zote zinazohitajika", maneno ambayo 678 iliyatumia kuruhusu nguvu. Kisha soma S/PV.4644: siku ile ile ya kura, mabalozi wa Marekani na Uingereza wenyewe walilieleza Baraza kwamba azimio halina kifyatuo cha kuanzisha vita kiotomatiki. Maneno ya mpinzani yana uzito kuliko ya kwako.

Ukihitaji mfano wa nyuma, upo: Israel ilipolipua kinu cha nyuklia cha Osirak nchini Iraq mwezi Juni 1981, Baraza lililaani kwa kauli moja kupitia azimio 487, Marekani ikiwemo. Usiutumie zaidi ya dakika moja, maana utafungua mjadala mwingine kabisa.

Kuandika aya za ukaguzi

Hapa ndipo rasimu nyingi zinaoza. Aya inayosema "linaunga mkono kazi ya wakaguzi" haina kazi. Jifunze kwa 1441 inavyopanga saa. Iraq ilipewa siku 30 kutoa tamko la silaha zake. Ilileta takriban kurasa 12,000 tarehe 7 Desemba. Wakaguzi walipewa siku 45 kuanza. Walianza 27 Novemba. Siku 60 baada ya kuanza walitakiwa kutoa taarifa. Hans Blix wa UNMOVIC (tume ya Umoja wa Mataifa ya ukaguzi wa silaha za Iraq) na Mohamed ElBaradei wa Shirika la Nishati ya Atomiki (IAEA) wakaitoa 27 Januari. Kila hatua ina mtu, kazi na siku ya mwisho.

Kwa hiyo kila aya yako ijibu maswali manne: nani, afanye nini, kwa uwezo gani, ataripoti lini. Mfano:

"Linaamua kwamba UNMOVIC na IAEA zitawasilisha programu ya kazi, ikiorodhesha masuala ya upokonyaji silaha yaliyobaki kwa mpangilio wa uzito, zitaripoti kwa Baraza kila baada ya wiki tatu, na zitatoa tathmini kamili siku 120 baada ya programu kupitishwa."

Wiki tatu na siku 120 zimetoka kwenye waraka wa 24 Februari, na hizo 120 zenyewe zinatokana na azimio 1284 la 1999. Ukiweka namba zako za kubuni, ukihojiwa hutakuwa na pa kushika. Ongeza aya ya uwezo: ndege za upelelezi, idadi zaidi ya wakaguzi, kuingia popote bila taarifa ya awali, kuhoji wanasayansi bila maofisa wa serikali kuwepo. Malizia na aya inayorudisha kila uamuzi kwenye Baraza. Ukiisahau hiyo, umeuacha mlango wazi.

Kitenzi cha kufungulia aya nacho kipimwe. "Linaamua" linabana. "Linasihi" na "linatoa wito" ni maombi, mpinzani ataziacha zipite akicheka. Wala usikubali marekebisho ya kuingiza "njia zote zinazohitajika", hata yakija na tabasamu wakati wa chai.

Ushahidi: usidanganye, usiruke mwaka

Kosa linaloumiza upande wetu ni kudai kwamba Iraq ilishirikiana vizuri. Haikuwa hivyo. Blix alisema wazi 27 Januari kwamba Iraq haikuonekana kukubali kwa dhati kupokonywa silaha. Kiri hilo mwenyewe kabla hujaambiwa, kisha onyesha kilichokuwa kinabadilika: makombora ya Al-Samoud 2, yaliyokutwa yakivuka kikomo cha kilomita 150, yalianza kuharibiwa 1 Machi chini ya macho ya wakaguzi. Tarehe 7 Machi ElBaradei alieleza kwamba nyaraka za madai ya urani kutoka Niger hazikuwa halisi, na Blix akasema kazi iliyobaki ingehitaji miezi, si miaka wala wiki. Hoja yako inakaa hapo: ukaguzi unazaa matunda, muda unaoombwa unajulikana.

Kuna mtego. Ripoti ya kundi la uchunguzi la Marekani lililokosa maghala ya silaha hizo ni ya 2004. Ukiitaja ndani ya kikao cha Machi 2003, mtu atasimama na "utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti", na atakuwa na haki.

Kura

Azimio linahitaji kura 9 kati ya 15 bila turufu ya mwanachama wa kudumu. Maana yake, kuiangusha rasimu ya vita bila kutegemea turufu unahitaji nchi 7 zisizosema ndiyo, na kutopiga kura kunatosha. Mwaka 2003 walioegemea vita waziwazi walikuwa wanne: Marekani, Uingereza, Hispania na Bulgaria. Waliosukumwa huku na huku ni sita: Angola, Cameroon, Guinea, Chile, Mexico na Pakistan. Muda wako wa mapumziko uutumie kwa hao sita, si kwa Ufaransa au Syria ambao tayari unao. Waulize wanahitaji siku ngapi za ukaguzi ili wasimame nawe, na uandike namba hiyo papo hapo.

Swali la Kagera

Katika ukumbi wowote wa Dar litakuja: "Mbona Tanzania iliingia Uganda?" Usilikwepe. Majeshi ya Amin yalivamia na kukalia eneo la Kagera mwaka 1978. Shambulio la silaha lilishatokea, na huo ni mlango wa Ibara ya 51. Sehemu yenye ubishi ni kuendelea hadi Kampala, iliyoanguka 11 Aprili 1979, na hata katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika haikupita bila lawama. Sema hivyo hivyo, kisha uliza: Machi 2003, Iraq imemshambulia nani kati ya wanaotaka kuivamia? Sekunde 40 zinatosha.

Rasimu ya vita ikiondolewa

Ndivyo ilivyokuwa: tarehe 17 Machi waliodhamini rasimu waliiondoa bila kura, wakaguzi wakaondoka 18 Machi, mashambulizi yakaanza 20 Machi. Waandaaji wakifuata historia, klabu isiyojiandaa itakaa kimya. Andaa mapema barua mbili fupi. Moja iombe kikao cha wazi cha Baraza. Kikao cha namna hiyo kilifanyika 26 na 27 Machi. Nyingine itumie azimio 377 la 1950 kuomba kikao cha dharura cha Baraza Kuu: kura 9 za Baraza la Usalama zinatosha, na kwa kuwa ni suala la utaratibu turufu haifanyi kazi. Zipigie chapa, acha nafasi ya tarehe na saini, na mkabidhi katibu wa kikao mara tu rasimu inapoondolewa mezani.