Kabla ya Kununua Pawa Stesheni ya Safari, Jiulize Utaijazaje

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ukasema unatafuta pawa stesheni, yaani betri kubwa ya kubeba yenye soketi za umeme, ya kwenda nayo porini, utaulizwa unataka ya ukubwa gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini lisiwe la kwanza. La kwanza ni hili: chaji ikiisha siku ya pili, mkiwa mmepiga hema mahali pasipo na nguzo hata moja ya umeme, utaijaza kwa kitu gani, na itachukua muda gani? Wengi hupanga vizuri namna ya kuutumia umeme, wakasahau namna ya kuurudisha. Matokeo yake mashine ya bei ghali inafanya kazi usiku mmoja na nusu, halafu inageuka mzigo ndani ya gari.

Tuanze na mahitaji, maana bila hesabu hiyo mengine yote ni kubahatisha. Uwezo wa mashine hizi hupimwa kwa wati-saa, na kwenye boksi utaona herufi Wh. Taa ya wati 10 ikiwaka saa moja imekula wati-saa 10. Ugumu wake unaishia hapo. Muuzaji anayekutajia mAh (miliampea-saa) peke yake mwombe akupe Wh, kwa sababu namba za mAh huonekana kubwa kuliko umeme uliomo: pawa benki ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74.

Chukua familia ya watu wanne inayotoka Dar es Salaam kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kulala huko siku tatu. Ndani ya gari wana friji ya volti 12 yenye lita 45. Kompresa yake inakula wati 50 hivi inapozunguka, na kwa joto la Ruaha mwezi wa kumi itazunguka karibu nusu ya muda wote. Hapo kuna kama wati-saa 600 kwa saa 24. Simu nne zichukulie 60. Taa mbili za LED jioni, 50. Kompyuta mpakato ya kuhamishia picha, 60. Feni ndogo ya hemani usiku kucha, 80. Jumla ni 850. Ongeza kile kinachopotea ndani ya mashine yenyewe, ambacho mara nyingi ni asilimia 10 hadi 15, unapata wati-saa 1,000 kwa siku. Kwa siku tatu, 3,000.

Tazama friji ilivyoibeba hesabu yote. Ukiitoa, familia hiyohiyo inahitaji wati-saa 300 kwa siku, na mashine ndogo ya kilo tatu au nne, mfano EcoFlow River 2 yenye wati-saa 256, inaweza kuwafaa maadamu gari linatembea kila siku na kuirudishia chaji. Kwa hiyo kabla hujafikiria pawa stesheni, amua kuhusu friji. Kwa kulala siku moja au mbili, deli zuri lenye barafu na nyama iliyogandishwa nyumbani linatosha kabisa, na fedha uliyookoa itakulipia viingilio vya hifadhi. Lakini kama mnasafiri na mtu anayetumia insulini, hapo hakuna cha kubana: insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, nayo haipaswi kuganda, kwa hiyo friji inakuwa kitu cha kwanza kupewa umeme na vingine vyote vinasubiri.

Cha pili cha kuamua mapema ni birika la umeme. Liache nyumbani. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula zaidi kidogo ya wati-saa 100. Chai ya watu wanne asubuhi na jioni, lita nne kwa jumla, imeshamaliza 400 na ushee, karibu nusu ya matumizi ya siku nzima. Isitoshe, mabirika mengi yana wati 1,500 hadi 2,200, na mashine isiyoweza kutoa kiasi hicho kwa wakati mmoja itajizima papo hapo hata kama imejaa pomoni. Pasi na jiko la umeme ni yaleyale. Mtungi mdogo wa gesi unafanya kazi hiyo bila kugusa betri. Ila usiufunge mahali pamoja na pawa stesheni, na uhakikishe koki yake imekazwa kabla ya kila safari.

Sasa turudi kwenye kujaza. Njia ambayo kila mtu anaitegemea ni kitundu cha laita ndani ya gari, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kitundu hicho kwa kawaida kina fyuzi ya ampea 10 hadi 15, na mashine zenyewe hujiwekea kikomo chini ya hapo. EcoFlow Delta 2, yenye wati-saa 1,024, huvuta ampea 8 tu kupitia njia hiyo, yaani wati 100 au pungufu kwenye gari la volti 12. Siku ya kutoka Dar hadi Iringa hutaona tatizo: mko barabarani kwa muda wa saa tisa au kumi, na hata friji ikila sehemu yake mtafika mashine ikiwa imejaa. Shida inaanza mkishaingia hifadhini. Mzunguko wa kutazama wanyama ni saa nne au tano kwa siku, na humo ndani mnazima injini kila mnapokutana na simba au tembo. Magari mengi hukata umeme wa kitundu hicho swichi ikizimwa. Mnarudi kambini mmeingiza wati-saa 400 ilhali mnatumia 1,000. Mashine iliyofika imejaa itakuwa tupu siku ya pili kabla ya jua kuzama.

Kununua mashine kubwa maradufu kunaahirisha tatizo kwa siku moja au mbili, tena kwa uzito wa kilo 20 na zaidi. Anayeendesha gari lake kila siku ningemshauri aweke chaja inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri ya gari wakati injini inanguruma. EcoFlow na Bluetti wanazo za wati 500 hadi 800. Ya wati 500 ikifanya kazi saa mbili imerudisha umeme wa siku nzima wa familia yetu. Lakini usiifunge kabla ya fundi umeme wa magari kuangalia oltaneta yako, kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka. Oltaneta ya ampea 80 hutoa wati 1,100 hivi ikienda vizuri, na hapo bado taa, kiyoyozi na betri ya gari vinadai haki yao. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, hutoa pungufu sana. Waya uwe mnene kama mtengenezaji anavyoelekeza, na fyuzi ikae karibu na betri, siyo nyuma ya gari. Waya mwembamba unaopitisha ampea 40 chini ya zulia ni moto unaosubiri siku yake. Uliza pia gari lako ni la volti 12 au 24, kwa kuwa baadhi ya Land Cruiser na malori ni 24, na chaja si zote zinakubali.

Njia nyingine ni sola. Paneli ya wati 200, jua likiwa kali na paneli ikiwa imeelekezwa vizuri, hutoa wati 140 au 150, na ukipata saa tano za jua la namna hiyo una wati-saa 700. Ni nyingi. Ila fikiria siku yenyewe inavyokwenda. Saa za jua zuri ndizo mnazokuwa mmetoka kambini, na paneli ya kukunja huwezi kuiacha imetandazwa chini nyani wakiwa karibu; watakayoifanyia utayakuta mkirudi. Zaidi ya hapo friji iko ndani ya gari, na mashine inayoilisha lazima iende nayo. Mkibaki kambini, ninyi mtatafuta kivuli cha mti na paneli itataka jua, kwa hiyo mtahitaji waya wa mita tano au zaidi ili mashine ikae kivulini. Kwa safari za hifadhini paneli iliyofungwa juu ya keria inashinda ya kukunja: haielekezwi kwenye jua, lakini inafanya kazi gari likitembea na likisimama. Ya kukunja inamfaa anayekaa mahali pamoja, tuseme ufukweni Pangani au kando ya Ziwa Nyasa.

Ukiunganisha paneli zaidi ya moja, soma kikomo cha volti cha mashine. Delta 2, kwa mfano, inapokea hadi volti 60. Paneli zikiunganishwa moja nyuma ya nyingine volti hujumlishwa: mbili zilizoandikwa Voc (volti ya juu kabisa ya paneli) 24 ni 48, salama, ongeza ya tatu ufike 72 na unaweza kuiunguza.

Kuhusu betri ya ndani, tafuta maandishi LiFePO4 au LFP. Ni lithiamu yenye chuma na fosfati, nzito kidogo kuliko aina ya zamani iitwayo NMC, lakini watengenezaji huipa mizunguko 3,000 na zaidi ya kujaza na kumaliza kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80, wakati NMC hupewa 500 hadi 1,000. Nayo ni ngumu zaidi kushika moto. Tofauti hiyo ina uzito kwetu, kwa kuwa mashine utakayoinunua kwa ajili ya porini ndiyo itakayowasha televisheni na vifaa vya intaneti umeme ukikatika nyumbani, tena mara nyingi kuliko utakavyosafiri. Baadhi ya mitumba kutoka nje ni matoleo ya mwanzo yenye NMC, kwa hiyo uliza namba kamili ya toleo. Jina peke yake halitoshi. Jackery Explorer 1000 ya kwanza ni NMC, ilhali ile ya v2 ni LFP.

Hapohapo angalia volti za umeme wa kutoka. Kwetu ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inatoa 120, ya Japani 100, na hata kuichaji ukutani kwetu kunaweza kuiharibu. Ya Dubai au Muscat inalingana na umeme wetu, plagi za pini tatu zikiwemo. Lakini usimwagize shangazi aje nayo kwenye begi: abiria wa ndege haruhusiwi kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hata kati ya 100 na 160 inahitaji kibali cha shirika la ndege. Itapaswa kuja kama mzigo wa hatari kwa taratibu zake, na gharama hiyo iingie kwenye bei unayolinganisha. Umeme wa kutoka uwe umeandikwa ‘pure sine wave’, yaani wenye wimbi laini kama la umeme wa ukutani. Kama hakuna maneno hayo kwenye karatasi ya maelezo, iache.

Njiani, adui ni joto na vumbi. Gari lililofungwa vioo juani linapita nyuzi 50 kwa urahisi, na mashine nyingi hukataa kuchajiwa betri ikizidi nyuzi 45 hivi. Usiiweke dirishani wala usiirundikie magodoro juu; matundu ya feni yawe wazi pande zote mbili. Iweke sakafuni nyuma ya viti vya mbele, juu ya ubao ili isikae kwenye maji, na uifunge kwa mikanda ya mizigo. Kitu cha kilo 12 kikirushwa gari linapofunga breki ghafla kinaua mtu. Kwenye barabara zenye matuta madogo kama bati, plagi nazo huchomoka zenyewe, kwa hiyo kila mnaposimama tupia jicho taa ya friji.

Kuna kitu kidogo kwenye mipangilio ambacho kimeharibu nyama za wengi. Mashine nyingi huja zikiwa na hali ya kuokoa chaji: zikiona matumizi yameshuka sana kwa muda fulani, zinazima njia ya umeme. Friji ya gari kompresa ikipumzika inakula karibu sifuri, hasa usiku wa baridi kama wa ukingoni mwa Ngorongoro, na mashine inadhani hakuna kitu kilichochomekwa. Asubuhi chaji imebaki asilimia 70 na maziwa yamechacha. Ingia kwenye programu au vitufe vyake uizime hali hiyo kwa njia ya volti 12. Friji yenyewe uichomeke hapohapo kwenye volti 12, usiipitishe kwenye soketi ya volti 230, kwa sababu inveta, sehemu inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, ikiwashwa tu hula wati 10 hadi 20 hata bila kulisha chochote. Usiku mmoja unaweza kupoteza wati-saa 150 kwa kuiacha imewashwa.

Ukishainunua, usingoje safari. Ipoze friji kwa umeme wa nyumbani, ijaze vyakula kama mtakavyoijaza siku ya kuondoka, kisha uihamishie kwenye pawa stesheni garini saa kumi na mbili jioni. Chomeka simu, taa na feni. Kesho yake saa kumi na mbili jioni soma asilimia iliyobaki na uilinganishe na hesabu uliyoandika kwenye karatasi. Baada ya hapo endesha saa mbili, uone imeingiza wati ngapi. Fanya hivyo ndani ya muda ambao duka bado linakubali kubadilisha bidhaa, na risiti iwe mkononi.