Kabla ya kupanda meli: mambo ya kuzingatia ukiwa bado gatini

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Wapo walionusurika kwa kung'ang'ania magodoro na majokofu yaliyokuwa shehena. Mwaka haukutimia, Julai 18, 2012, MV Skagit ikitokea Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Sisi wasafiri wa njia hizi bado tunapanda, maana nyumbani ni nyumbani. Ndiyo maana nataka tuzungumzie yale ambayo abiria mwenyewe anayaweza, na mengi yanafanyika kabla kamba hazijafunguliwa.

La kwanza na zito kuliko yote ni kuwa tayari kushuka. Kitazame chombo kutoka gatini. Je, kimeegama upande mmoja? Ubavuni kuna alama ya duara lenye mstari. Maji yakiwa yameifunika, mzigo umezidi. Tazama watu: wakiwa wamekaa ngazini na kwenye vipito, siku ya hatari hakuna atakayepita. MV Nyerere iliyopinduka Septemba 20, 2018 ikikaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, iliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Niliwahi kushuka na begi langu, nauli ikapotea, na mama mmoja akaniambia namtia mkosi. Nauli hutafutwa tena.

Ajali zile mbili za Zanzibar zilitokea msimu wa kusi, bahari inapochafuka. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya siku hiyo hiyo, si wa juzi. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha. Harusi itakusubiri, na msiba nao wenyewe watakuelewa.

Hakikisha jina lako halisi limeandikwa, na la mtoto wa mgongoni pia. Watu hudhani ni karatasi tu ya bandarini. Lakini asiyeandikwa hatafutwi, na familia yake itahangaika kuthibitisha kwamba alikuwamo. Mwachie mtu wa nchi kavu jina la chombo na saa ya kuondoka.

Ukishaingia, usikimbilie kiti chenye feni. Kaa karibu na mlango wa kutokea nje, kisha hesabu kwa mkono viti vilivyopo kati yako na mlango huo, kwa sababu taa zikizimika macho hayatakusaidia. Tafuta jaketi la kuokolea, ulishike, uone kamba zake zinafungwaje. Ukiwa na mtoto, omba la kimo chake mapema, wala usione haya kumsumbua baharia. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akifika majini. Likikosekana dogo, pitisha kanga katikati ya miguu ya mtoto ulifunge lile kubwa lisipande juu.

Mimi hubeba pia dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kinachobana. Likiwa limezibwa linainua karibu kilo 5, na kwa kuwa mwili majini hubaki mwepesi, mara nyingi linatosha kukiweka kichwa juu. Haliwi badala ya jaketi. Ongeza filimbi shingoni, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Chombo kikianza kulala, vaa jaketi, vua viatu vizito, toka nje, lakini msikimbilie wote upande mmoja. Uzito ukihamia upande huo, hukimaliza kabisa. Usibaki ndani ukitumaini hewa iliyonaswa. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, kuna waliokuwa hai ndani. Waokoaji walipotoboa ubavu hewa ikatoka na meli ikazama nao. Kwenye MV Nyerere kule Ukara, fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, naye alikuwa mmoja kati ya mamia.

Majini, jitenge kidogo na chombo halafu tulia. Usishindane na mkondo, hata kama unaona taa za Nungwi. Waogeleaji hodari huchoka hivyo. Bahari yetu tunaiona ya moto, kumbe ina ubaridi kuliko mwili, na saa nyingi ndani yake hukumaliza nguvu. Kwa hiyo baki na nguo zako, kunja magoti hadi kifuani, kumbatianeni mlio na majaketi, watoto katikati. Piga filimbi pale tu unaposikia injini au kuona taa ikija. Pumzi nyingine zote zihifadhi, kwa kuwa msaada unaweza kufika alfajiri.