Somo: Kikorea cha kuanzia, bila mwalimu wala ada

Kwanza achana na Kikorea kilichoandikwa kwa abc zetu. Mimi nilipoteza miezi miwili humo: maneno 80 kichwani, na hakuna hata moja nililoweza kulisoma.

Hatua ya 1: Herufi

Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, ilibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, ili raia wasiojua maandishi ya Kichina nao wasome. Leo herufi za msingi ni 24: konsonanti 14, irabu 10. Nyingine zinachora kinywa chenyewe. ㄴ (n) ni ulimi ulionyanyuka nyuma ya meno, ㅁ (m) ni mdomo, ㅅ (s) ni jino.

Herufi hupangwa kwenye kisanduku, silabi moja kisanduku kimoja: ㄴ na ㅏ zinatoa 나, yaani "na". Sisi tuliokua tukiimba ba be bi bo bu hapa tumepewa bure. Herufi ㅇ ikianza silabi haina sauti. Ikimaliza, ni ng' ya ng'ombe. Kwa hiyo 강 (mto) ni "kang'".

Irabu mbili ndizo ngeni. ㅡ: sema "u" huku midomo umeitandaza kama unayetabasamu. ㅓ: sema "o" bila kuviringa midomo. Andika kwa mkono, dakika 20 kwa siku. Weka pia kibodi ya Kikorea kwenye simu: konsonanti ziko kushoto, irabu kulia.

Hatua ya 2: Maneno yanayojifanya Kiswahili

Haya ndiyo niliyoyashika mapema kuliko yote, kwa sababu yanachekesha:

모자 (moja) – kofia
누나 (nuna) – dada mkubwa, na wala hajanuna
다리 (dari) – mguu, pia daraja
하마 (hama) – kiboko

Andika Kikorea upande mmoja wa kadi na uchore picha upande wa pili. Tafsiri usiandike.

Hatua ya 3: Michezo

Wakorea wana mchezo wa kuunga maneno, 끝말잇기: silabi ya mwisho ya neno langu ndiyo ya kwanza ya neno lako. Anza na 나비 (nabi, kipepeo), 비누 (binu, sabuni), 누나, 나무 (namu, mti). Kama huna mwenzako, cheza peke yako kwenye daladala. Abiria watakuangalia, wazoee.

Wa pili ni 3-6-9. Mnakaa duara na kuhesabu kwa zamu: il, i, sam, sa, o, yuk, chil, pal, gu, sip. Zamu yako ikiangukia namba yenye 3, 6 au 9, hutamki kitu, unapiga kofi. Kwenye 33 makofi mawili. Anayekosea anaosha vyombo. Nyumbani kwetu wadogo zangu walijua kuhesabu mpaka 50 kwa wiki moja, na sinki halikujaa tena.

Hatua ya 4: Sentensi

Kitenzi kinakaa mwisho: 저는 물을 마셔요, "mimi maji nakunywa". Hiyo 요 ya mwisho ni adabu, usiidondoshe mbele ya mtu usiyemzoea.

Maswali ya wanachama

Swali: 불, 풀 na 뿔 nasikia "pul" tupu. Nimekosea wapi?

Jibu: Ya kwanza ni moto, ya pili nyasi, ya tatu pembe. Shika karatasi mbele ya mdomo: 풀 inaipeperusha, 뿔 haiitikisi kabisa. Kama wewe ni wa Mombasa umeshamaliza, maana paa la nyumba na paa wa porini huwatamki sawa. Sisi wa bara tuna kazi.

Swali: Saa je? Nilimwambia mtu "se si", akaja muda mwingine kabisa.

Jibu: 세 시 ni saa tisa yetu, si saa tatu. Na saa hazitumii il, i, sam. Zina hesabu yake: hana, dul, set, ambazo mbele ya 시 (si, saa) zinakuwa han, du, se. Dakika ndizo zinarudi kwenye il, i, sam.

Swali: Mimi ni msichana. Dada yangu nimwite nuna?

Jibu: Hapana, nuna husemwa na mwanamume. Wewe mwite 언니 (onni).

Swali: Nimekwama kwenye 나무. Naendeleaje?

Jibu: 무지개 (upinde wa mvua), 개미 (sisimizi), 미국 (Marekani), 국수 (tambi), 수박 (tikiti maji). Kuanzia 박 ni zamu yako.