Kufunga kiti cha mtoto katika gari dogo

Katika gari dogo kama Toyota Vitz, kiti cha mtoto mchanga, ambacho hutazama nyuma ya gari, hufungwa kwenye siti ya nyuma, wala kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi, kwa kuwa ukifumuka unaweza kumuua mtoto. Sogeza siti ya mbele ili kupata nafasi, pitisha mkanda wa gari katika njia iliyoonyeshwa kwenye kiti, kisha ukandamize kiti huku ukivuta mkanda mpaka ulegevu uishe. Kikitikiswa pale mkanda unapopita, kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Mkanda ukiwa mfupi mno kwa kiti hicho, jambo linalotokea katika magari madogo, tafuta kiti kingine. Kuuongezea kamba ni hatari tupu.