Kupeleka maji ya kisima maabara

Wenye visima Kisauni na Likoni hapa Mombasa, vipimo vingi huharibikia kwenye chupa. Washeni pampu dakika 5 hivi, maji yaliyolala bombani yatoke. Chupa ya kupimia chumvi na naitreti (kemikali itokayo kwenye kinyesi na mbolea) isuuzeni mara 3 kwa maji ya kisima hicho hicho, ndipo muijaze. Ya bakteria msiisuuze kabisa: iombeni maabara ikiwa imeshatakaswa, na msiguse mdomo wake. Chupa ya soda achaneni nayo, hata mkiisugua vipi. Wekeni zote kwenye barafu, maana kwa joto letu hili bakteria huzaana njiani, na zifike siku hiyo hiyo. Majibu yakija, tazameni naitreti kwanza, hasa kama choo cha shimo kiko karibu: mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Chumvi mtaionja wenyewe.